Alama ya Gumba Kando ya Jina la Jenerali

Mji wa Hagi ulizaa mawaziri wakuu na majenerali kama unavyozaa machungwa ya kiangazi, na kwa miaka mingi watu wake hawakuona tofauti kubwa kati ya mazao hayo mawili. Yote yalichumwa, yakafungwa vizuri, yakapelekwa Tokyo. Tofauti ni kwamba mawaziri na majenerali walikuwa wakirudi. Walishuka kituoni na masharubu yao na nishani zao, wakapokewa na watoto wa shule wenye bendera za karatasi, na kabla hawajamaliza kikombe cha kwanza cha chai, mtu alikuwa ameshawatandikia karatasi nyeupe mbele ya magoti. Bwana mkubwa atuandikie neno. Neno lolote. Naye bwana mkubwa, ambaye hakuna siku amewahi kukataa heshima, alishika brashi akaandika.

Neno likishaandikwa, bado ni karatasi tu. Hujikunja, huliwa na wadudu, hushika madoa. Lazima libandikwe karatasi nyingine mgongoni, lizungushiwe hariri, litiwe kijiti cha kulinyoosha, ndipo litundikwe chumba cha wageni na mwenye nyumba avimbe kichwa. Kazi hiyo ya kubandika hati za ukutani ndiyo iliyoilisha familia ya Shirane kwa vizazi vitatu. Mzee Bunkichi Shirane hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo brashi na ndoo za gundi zikamwangukia binti yake wa pekee, Mitsue.

Mitsue alikuwa mtu wa kuota ndoto macho wazi. Ungemtuma maji, angerudi baada ya nusu saa na ndoo tupu na uso wa mtu aliyetoka safari. Baba yake alisema hakuna hasara, kwani kazi yenyewe ni ya watu wa namna hiyo. Gundi bora ya fundi wa hati hupikwa kwa ngano siku za baridi kali kabisa, hutiwa kwenye gudulia, hufunikwa, na huachwa chini ya sakafu miaka kumi. Nyumba nzima iliishi nyuma kwa miaka kumi. Gundi iliyopikwa waziri fulani akiwa madarakani ilikuja kuchotwa akiwa ameshaanguka, pengine ameshazikwa, na Mitsue akiikoroga aliona kama anakoroga hewa ya mwaka ule.

Wakubwa wa nchi aliwajua kwa mikono yao. Yupo waziri aliyekandamiza brashi mpaka karatasi ikachubuka, na yupo amiri wa manowari ambaye kila mstari wake ulitetemeka mwishoni, ingawa magazeti yalimwita mtu wa chuma. Yupo pia mmoja ambaye hakuwahi kuandika hata herufi. Karani wake ndiye aliyeandika, yeye akagonga muhuri. Mitsue aliyajua hayo yote, akayanyamazia. Siku za mvua za mwezi wa sita, karatasi zilipovuta unyevu na kulegea ukutani, alikaa katikati yake akihisi wazee wale wanapumua, wanajigeuza, wanaulizana kama bado wanakumbukwa. Hakuwaogopa. Aliwahurumia kidogo, kama unavyomhurumia mgeni aliyevaa suti siku ya joto.

Masika ya mwaka 1943 alirudi nyumbani Jenerali Tadaoki Kunishi. Vijana kumi na mmoja wa mtaa wa ufukweni walikuwa wameitwa jeshini, na ikaamuliwa kila mmoja aandikiwe hati na jenerali mwenyewe katika ukumbi wa hekalu. Mzee Bunkichi alikuwa na homa, basi Mitsue akaenda yeye kutandika karatasi na kuzianika. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Wa kusaga wino alichaguliwa miongoni mwa vijana wenyewe, naye alikuwa Eizo Sakaue, mtoto wa watengeneza mikate ya samaki.

Hapa niseme wazi, maana mtaa mzima haukujua na Mitsue hakumwambia mtu. Alimpenda Eizo tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Hapakuwa na kisa cha kusimulia. Hawakushikana mikono, hawakuandikiana barua. Alimpenda tu, kila siku, na mwezi mmoja kabla ya siku ile ya hekaluni mama yake Eizo alikuwa amemwoza kwa binti mpole wa kijiji cha jirani aliyeitwa Fusa. Mitsue alipeleka zawadi ya arusi, akala wali mwekundu wa maharage, akarudi nyumbani akakoroga gundi.

Jenerali aliandika maneno yaleyale mara kumi na moja: *Nenda bila kugeuka*. Alipofika ya Eizo mkono ulikuwa umechoka na karatasi ilianza kuteleza. Mitsue akaishika upande wa chini, Eizo akaukandamiza upande wa juu, mikono yake ikiwa imejaa wino wa kutwa nzima. Brashi ikapita, jina la jenerali likashuka kando, na Eizo alipoachia, alama ya gumba lake ilikuwa imebaki pale kando ya jina lile kubwa, nyeusi, kila mstari wa ngozi ukionekana.

Msaidizi wa jenerali akavuta pumzi ya kumgombeza mtu.

Eizo akamwinamia Mitsue, akanong'ona, "Mzee ameandika, mimi nimeidhinisha."

Mitsue akacheka. Alicheka mbele ya jenerali, na akainamisha kichwa mpaka paji likagusa mkeka ili isijulikane. Jenerali hakusikia au alijifanya hakusikia. Kwenye mkeka wa nyuma walikaa wazazi, na miongoni mwao mama yake Eizo, Bi Yone Sakaue, mwanamke mfupi mwenye macho ya kuhesabu samaki.

Eizo alikwenda, wala hakugeuka, kwa sababu hakupewa nafasi. Mwaka uliofuata lilirudi sanduku dogo la mbao limefungwa kitambaa cheupe. Bi Yone alilifungua ingawa walimwambia asifungue. Ndani mlikuwa na jiwe la ukubwa wa yai na kipande cha karatasi chenye jina. Meli ilizama kusini, wakasema. Alilirudisha jiwe sandukuni, akalizika, na hakulia mbele ya mtu yeyote.

Vita vilipokwisha, wale wakubwa waliokuwa fahari ya kila ukuta wakageuka mzigo kwa siku moja. Ilivuma kwamba Wamarekani watapita nyumba kwa nyumba. Moshi ukapanda kwenye nyua, watu wakachoma hati, majoho, picha, na aliyekuwa amevimba kichwa jana leo alikuwa anapuliza moto. Jina la Jenerali Kunishi halikutajwa tena hata kwake alikozaliwa. Lakini wapo walioona uchungu kuchoma, nao wakaja kwa mafundi. Mitsue na baba yake walizibandika hati zile ndani ya milango ya karatasi na viwambo vya kukunja, chini ya michoro ya korongo na mianzi, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa karatasi chakavu za kukazia. Nusu ya historia ya Hagi ikalala humo, na watu wakawa wanafungua na kufunga mawaziri wao kila asubuhi wakienda kunawa uso. Bi Yone naye alileta hati ya Eizo. Alisema maneno machache tu: "Jenerali simhitaji. Kile kidole nihifadhie."

Mwaka wa 1953 mzee Bunkichi alikuwa ameshafariki, na Mitsue alifanya kazi peke yake. Hakuwa ameolewa. Mtaani walimwita fundi, na walipotaka kumtania walimwita bibi arusi wa gundi. Mwezi wa sita, mvua zikiwa zimeanza, Bi Yone na Fusa waliingia pamoja wakiwa na mwavuli mmoja, wote wawili wamelowa bega moja moja.

"Mkwe wangu anaolewa," Bi Yone akasema kabla hajakaa. "Mtu wa reli, kule Hokkaido, kaskazini. Nimemtafuta mwenyewe. Ana meno yote."

"Mama!" Fusa akasema.

"Nini? Nimeyahesabu."

Fusa alikuwa na miaka thelathini. Alikuwa amekaa na mama mkwe wake miaka kumi akisaga samaki, na sasa ndiye aliyekuwa amefukuzwa kwa upendo akaanze maisha. Aliinama mbele ya Mitsue, akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, nimekuja kuomba ile hati. Nataka kwenda nayo. Niliishi naye siku arobaini. Sina picha yake yoyote ila ile ya arusi, na kwenye picha ile alikuwa amefumba macho."

"Nami nimekuja kusema haiendi," akasema Bi Yone. "Mtu wa reli hatataka kidole cha mume mwenzie ukutani."

"Sitaitundika. Nitaiweka chini ya nguo."

"Chini ya nguo! Mwanangu akakae na soksi!"

"Mama, wewe ulikaa naye miaka ishirini na miwili."

"Ndiyo maana namtaka!"

Wakatazama upande mmoja wote wawili, mvua ikidondoka kwenye ndoo mlangoni. Walikuwa wanapendana, hilo lilikuwa dhahiri, na kila mmoja aliona haya kwa kutaka. Mwishowe Bi Yone akageuza yale macho yake kwa Mitsue.

"Nasikia nyinyi mafundi mnaweza kuchuna karatasi. Moja ikawa mbili."

Mitsue alishtuka. Ni kweli, inawezekana. Karatasi nene ya kuandikia ina matabaka mawili yaliyoshikana tangu kiwandani. Fundi mwenye subira akiilowesha sawasawa na kusugua pembe moja kwa ncha ya kidole, matabaka huachana, na wino uliozama huonekana kwenye yote mawili. La chini hupauka kidogo, basi fundi mwovu hulikolezea wino. Hivyo ndivyo waziri mmoja aliyeandika mara moja anavyotundikwa nyumba mbili. Mzee Bunkichi alimkataza Mitsue kabisa. "Ukichuna," alimwambia, "umezaa mwongo mmoja, na yule mkweli umemnyonya damu."

"Baba hakuruhusu," akasema.

"Baba yako nilimjua," akasema Bi Yone. "Alikuwa mtu mwema, na hakupewa jiwe sandukuni. Treni ya Fusa ni Jumamosi."

Akawakubalia. Sijui kama alikubali kwa ajili yao. Walipoondoka alikifungua kiwambo alimoificha hati ya Eizo, akabandua korongo, akabandua karatasi chakavu, na alipoiona alama ile moyo ukamdunda kama wa msichana.

Alifanya kazi siku mbili, mchana, milango ikiwa wazi kwa sababu ya unyevu. Aliilaza karatasi juu ya ubao, akainyunyizia maji, akangoja. Akasugua pembe. Akangoja tena. Mvua iliendelea kunyesha bila sauti, ukungu ukaingia mpaka chumbani, na Mitsue akaanza kuwasikia wazee wa ukutani. Yule waziri wa kukandamiza aliuliza ni nani anayechunwa. Amiri wa kutetemeka akasema ni Kunishi. Wakasikitika kidogo, wakarudi kulala. Karatasi ikaanza kuachana, polepole, kwa sauti ndogo ya kitu kinachotoka usingizini, naye akawa anaivingirisha ile ya juu kwenye mwanzi, upana wa kidole baada ya upana wa kidole, bila kufikiri habari ya mikono yake. Alifikiri habari ya kijana mwenye wino mpaka kwenye nyusi.

Maneno ya jenerali yalitoka safi kwenye matabaka yote mawili. Bwana yule alikandamiza kwa nguvu za taifa zima. Jina lake nalo likatoka. Mitsue akasogea mpaka pembeni, akavuta kile kipande cha mwisho, akatazama karatasi ya chini.

Gumba halikuwepo.

Aliinua karatasi kwenye mwanga. Akaigeuza. Hata kivuli hakikuwepo. Brashi ya jenerali ilikuwa imejaa wino, ukazama mpaka mgongoni, lakini kidole cha Eizo kiligusa tu, wino mwepesi wa mtu aliyekuwa anashikilia karatasi ya wengine, nao ulibaki juu juu. Sasa kulikuwa na majenerali wawili na Eizo mmoja. Mitsue akakaa chini kwenye mkeka, akaona ubaya alioufanya. Angeweza kuwaambia. Wangegombana, au kibaya zaidi, wasingegombana: mmoja angemwachia mwenzake kwa tabasamu na kwenda kulia peke yake, Hokkaido au kwenye chumba cha samaki.

Hakuamua. Hilo aliliapa baadaye. Alisaga wino kwa ajili ya kukolezea yale maneno ya tabaka la chini yaliyopauka kidogo, na alipokuwa anasaga akawa amekaa kama alivyokaa Eizo, amepiga magoti, bega la kulia limeshuka. Wino ukaenea vidoleni. Ukungu ulikuwa mweupe mlangoni, na kwa muda, mrefu au mfupi hakujua, alikuwa hekaluni, na safari hii ni yeye aliyeshika upande wa juu. Alipozinduka, gumba lake la kulia lilikuwa juu ya karatasi ya chini, kando ya jina la jenerali, pale pale panapotakiwa. Akaliinua. Alama ilikuwa nzuri. Akaona aibu kali kuliko zote alizowahi kuona, na ndani ya aibu ile palikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyomtia aibu zaidi.

Ijumaa mchana wanawake wawili walirudi. Mitsue alikuwa amezibandika zote mbili, hariri ya rangi moja, kijiti cha aina moja, akazilaza bega kwa bega. Hakuna mtu mjini ambaye angezitofautisha. Mikono aliificha ndani ya mikono ya kimono.

Fusa alizitazama, akafunika mdomo.

"Ngoja," akasema Bi Yone. "Mimi mkubwa, nachagua kwanza."

Akapiga magoti, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akatazama ya kushoto, alama ya mwanawe. Akatazama ya kulia. Akarudi kushoto, akakaa hapo kwa muda mrefu, mgongo wake ukipanda na kushuka. Mitsue aliomba kwa kila kitu anachokijua kwamba achague hiyo, halafu akakumbuka kwamba kama akiichagua, Fusa atasafiri siku mbili kwa treni akiwa amekumbatia uongo.

"Hii ndiyo yangu," akasema Bi Yone. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ile ya kulia.

Fusa aliichukua ile nyingine kwa mikono miwili, akaiweka kifuani, akalia waziwazi kama mtoto. Bi Yone akampangusa kwa ukingo wa mkono wa kimono, akamwambia aende akafunge mizigo kabla ya mvua kuzidi, na asisahau kijiko cha kuchotea wali maana wa Hokkaido hawajui kuchonga. Fusa akaenda. Wakasikia viatu vyake vya mbao mpaka vilipopotea.

Mitsue akashindwa kuvumilia. Akainama mpaka paji likagusa mkeka.

"Mama Sakaue, nimekudanganya. Hicho si chake. Ni changu mimi."

"Najua."

Mitsue hakuinua kichwa.

"Nilikizaa kidole kile," akasema Bi Yone. "Nilikikata kucha kila wiki mpaka akawa mkubwa akaona haya. Unafikiri nitakikosea kwa sababu ya miaka kumi? Fusa ana siku arobaini tu. Mwache aende na kilicho cha kweli."

"Basi ungeikataa hii. Ungeniambia niichane."

"Kwa nini uichane?" Mama yule mfupi alikuwa ameanza kuivingirisha hati, taratibu, kama mtu aliyezoea. "Siku ile hekaluni nilikuwa nimekaa nyuma yenu. Nilikuona ulivyocheka. Nikamwona na yeye alivyokutazama ulipocheka. Hapo nilikuwa nimeshamwoza mwezi mmoja, kwa sababu baba yake Fusa alikuwa na mashua na baba yako alikuwa na magudulia ya gundi. Nikasema, atakwenda vitani, haya yatapita." Akafunga kamba ya hati, akaifungua, akaifunga tena. "Nimekuwa nikipita mlangoni kwako miaka kumi nikitaka kukuomba radhi, na kila nikipita naishia kuulizia bei ya karatasi."

Nje mvua ilikuwa imepungua. Mitsue aliinua uso, na uso wote ulikuwa umelowa.

"Kesho Fusa anaondoka," akasema Bi Yone. "Mtaa huu wote wananiambia alikuwa shujaa. Jenerali alisema shujaa, meya alisema shujaa, hata muuza tofu anasema shujaa. Hakuna hata mmoja anayeniambia alikuwaje. Wewe ulimtazama miaka kumi na zaidi, hukuwa na kazi nyingine. Niambie, mwanangu. Nini nisichokijua?"

Mitsue akatoa mikono yake alikoificha, bado ina weusi wa wino kwenye kucha, akaiweka juu ya magoti.

"Alikuwa anaogopa mbwa," akasema. "Yule mweupe wa kwa muuza pombe ya sake. Alikuwa anazunguka njia ya machungwa kila siku asimpite, na sisi wote alitudanganya kwamba anapenda harufu."

Bi Yone akaweka hati chini. Akashika tumbo, akacheka, akacheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta, na machozi ambayo mtaa haukuyaona tangu siku ya sanduku yakaanza kumtoka.

"Endelea," akasema.